Hodi Uani Kwangu

Nilinunua nyumba yangu ya kustaafia nikiwa bado sijafika miaka arubaini. Niliizunguka yote kwa muda wa robo saa hivi, nikaipenda, nikailipia. Baada ya hapo nilikaa zaidi ya miaka ishirini bila kutia mguu uani kwake. Nikiwasimulia jamaa zangu wa bara hunicheka mpaka wanapaliwa. Nikiwasimulia wazee wa Likoni huitikia kwa kichwa na kuendelea na kahawa yao, maana kwao hakuna cha kushangaza hapo.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi bandarini, na mimi na mke wangu tulikuwa tumepanga Changamwe, vyumba viwili vilivyokula vumbi la malori mchana kutwa. Wenzangu kazini walikuwa wakinunua mashamba makwao. Mimi nilishajua kwamba magoti yangu na baridi ya kwetu havitapatana uzeeni. Dalali mmoja akanivusha feri hadi Likoni, akanionyesha nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Huko uani kulikuwa na mpapai mmoja, jiko la kuni chini ya makuti, na pembe tupu upande wa kushoto. Nilipoiona ile pembe niliona banda la kuku. Niliwaona na kuku wenyewe, wanene, wakiparura. Wiki hiyo hiyo nilitoa arubuni.

Kosa langu ni kwamba sikumwambia mke wangu mpaka karatasi zilipokwisha kutiwa sahihi. Nilidhani namwandalia zawadi. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchicha. Yeye alitaka tukizeeka turudi bara, karibu na dada zake.

"Hiyo nyumba ni yako," alisema. "Ukistaafu nenda ukakae. Mimi usinihesabu."

Si mtu wa kurudia maneno, na hakuyarudia. Nilijipa moyo kwamba miaka ishirini ni mingi, atalegea. Lakini kila nilipoifikiria nyumba ile nilijiona nimekaa barazani peke yangu, mzee mwenye kuku wengi na hana wa kumpikia hata yai moja. Hofu hiyo haikuniacha.

Nikaipangisha. Mpangaji wa kwanza ndiye aliyekuwa wa mwisho: mama mmoja mwenyeji wa huko huko Likoni, mke wa baharia. Mumewe alikuwa mtu wa kuwa safarini sehemu kubwa ya mwaka. Yeye mwenyewe alikuwa mpishi wa harusi, na mtu akitaka biriani ya kulisha mtaa mzima alimwendea yeye. Kwa hivyo uani hakukukosa wanawake, majirani na jamaa zake, wakimenya vitunguu na kuchambua mchele tangu asubuhi.

Nilipokwenda mara ya kwanza kuiangalia nyumba yangu nilipiga hodi na kuingia moja kwa moja hadi ukumbini, kama mwenye mali. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na pazia la maua mekundu. Kicheko kilichokuwa kikitoka nyuma yake kikakatika ghafla. Chini ya pazia niliona nyayo za wanawake zikikimbilia huku na kule, wakitafuta buibui na leso zao. Nilisimama pale kama mwizi aliyeshikwa. Mpangaji akatoka amejitanda vizuri, akaniamkia kwa adabu zote, akanirudisha barazani na kuniletea chai ya tangawizi na kaimati. Hakunigombeza hata kidogo, na ndiyo maana nilielewa haraka zaidi.

Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa barazani. Bati likivuja nilimleta fundi, naye alingoja nami hapo nje mpaka uani kukae sawa, kisha aliingia yeye. Mimi sikuwa na kisingizio. Hata baharia aliporudi likizo alinikaribisha hadi ukumbini tu, tukakaa tumelipa pazia mgongo, akanihadithia bandari za watu. Ningeweza kusema nyumba ni yangu, nipisheni nikague. Nilikuwa mkali bandarini, makuli walinijua, lakini pale ulimi ulikuwa mzito. Kuna vitu ambavyo hati ya nyumba haikupi.

Mwaka wa pili au wa tatu nilimbembeleza mke wangu twende wote. Alikuja amenuna, akavuka feri bila kuitazama bahari. Tulipofika, mpangaji alimshika mkono, akamwita dada, pazia likafunguka, akaingia. Nilikaa barazani nikanywa chai birika zima. Kivuli kikahama kutoka upande mmoja hadi wa pili. Nilimsikia mke wangu akicheka huko ndani, kicheko cha nguvu ambacho Changamwe sikukisikia mara nyingi. Alitoka jua limeshapoa, mikono inanuka vitunguu, na bakuli la achari kwapani.

Njiani nikamwuliza kukoje huko uani.

"Kuzuri," akasema, basi.

Baada ya hapo alikwenda Likoni mara nyingi kuliko mimi, hata kwa wiki nzima nzima za harusi. Lakini niligundua kwamba kwenda ni kitu kimoja, na kukubali kuhamia ni kingine. Kila nilipochokoza mazungumzo ya kustaafu alikumbuka kitu jikoni. Kwa kuwa yeye alikuwa dada, mimi nilifanywa shemeji, na hilo nalo lilinimaliza. Mpangaji anayekuita shemeji humwambii neno kavu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, kuta za nyumba mpya zilianza kupanda nyuma ya nyumba yangu, nikiziona kutoka njiani juu ya bati. Zilinikera. Nilimlalamikia mpangaji kwamba tajiri gani huyo asiye na haya, anatuzibia upepo wetu. Akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, akasema Mola awasamehe wajenzi hao. Nikamwona mwanamke mwenye subira sana.

Kazi ilibakiwa na miezi miwili. Nilikuwa na mambo mawili ya kufanya: kumwambia mpangaji ahame, na kumwuliza mke wangu kama atakuja. Lile la pili nililiogopa zaidi, kwa hivyo nilianza na la kwanza. Kabla ya hapo lakini, ili nijitie nguvu, nilimwendea seremala Changamwe nikamchorea lile banda langu la kuku, kwa vipimo vya pembe niliyoiona miaka ishirini nyuma. Alilitengeneza zuri, la ghorofa mbili, na vijumba vya kutagia.

Nilikwenda Likoni baada ya alasiri. Hotuba nilikuwa nimeifanyia mazoezi kutwa. Mpangaji akaweka chai, akakaa kwenye kizingiti cha mlango. Nilizunguka weee, nikasema habari za umri, habari za magoti, habari za mwisho wa kila kazi.

"Shemeji," akanikatiza kwa upole, "wataka nyumba yako?"

Nikakubali.

"Alhamdulillahi. Twangoja wewe useme tu. Vitu vyetu vingi vishahama."

Sikuuliza vimehamia wapi. Nilishukuru mno hata nikasahau kuuliza.

Siku ya kuhamia niliongoza mkokoteni uliobeba banda la kuku, nao wenye mkokoteni wakilalamika njia nzima. Mke wangu alikuwa ametangulia tangu asubuhi. Alisema anakwenda kufagia, na mimi sikuthubutu kuuliza kama atafagia na kurudi. Nyumba ilikuwa wazi. Nilipita ukumbini, wenye mkokoteni wakinifuata na banda, nikalifikia lile pazia la maua mekundu lililokwisha kupauka, nikalisukuma. Moyo ulinidunda, na siku hiyo nilikuwa mtu mzima wa miaka sitini.

Mpapai haukuwepo. Jiko la makuti halikuwepo. Palikuwa na sakafu ya saruji, mapipa ya maji, mafiga matatu makubwa, sufuria kubwa za kutosha kuogeshea watoto, na miche ya mrehani ukutani. Ile pembe yangu ya kushoto ilikuwa na mlango. Mlango wa mbao, umepakwa rangi ya kijani, uko wazi, na upande wa pili ulionekana ua mwingine. Mpangaji wangu alikuwa amekaa huko kwenye mbuzi, anakuna nazi.

Tajiri asiye na haya aliyetuzibia upepo alikuwa yeye na mumewe.

Mke wangu alikuwa katikati ya mlango ule na ufagio. Nyuma yangu banda la ghorofa mbili lilikuwa limekwama ukumbini. Nilimwuliza nani aliruhusu ukuta wangu utobolewe.

"Mimi."

"Na hukuniambia?"

"Wewe uliponunua uliniambia?"

Wanawake wote wawili walikuwa wananitazama. Nikauliza lile lililokuwa limenikaa kooni tangu siku ya mchicha: je, atakaa?

"Mlango wote huu unadhani nimetobolesha wa nini?" alisema, akaendelea kufagia.

Nilitoka nje nikasema naenda kuwalipa watu wa mkokoteni. Ukweli ni kwamba machozi yalikuwa karibu, na sikutaka shemeji yangu ayaone.

Banda halikupata pembe. Lilikatwa juu, na sasa huanikwa sufuria humo. Kuku ninao wawili, wanalala chini ya baraza. Mke wangu ameingia kwenye upishi wa harusi kwa miguu yote miwili, na majirani wale wale wamerudi na visu vyao vya vitunguu. Kwa hivyo, mimi mwenye hati, nikitaka maji ya kunywa husimama ukumbini mbele ya pazia, jipya hili, la samawati, nikapiga hodi. Sauti zinanijibu, "Ngoja kidogo, shemeji," nami nangoja. Sijapata kuwa na furaha kama hii tangu niajiriwe.

Juzi alikuja dalali, kijana mtanashati mwenye faili. Alinikuta barazani, akaniamkia shikamoo, akaniambia ana mnunuzi anayetafuta nyumba upande huu. Akauliza, mwenyewe yuko? Nilikuwa nimeshafungua kinywa sauti ya mke wangu ilipotoka kwenye dirisha la chumba cha mbele, alikokuwa akikunja nguo.

"Mwenyewe ni mimi," alisema. "Na haiuzwi."

Dalali akanigeukia ili ahakikishe. Nikamwambia ndivyo, nyumba ni ya mama huyo, mimi hukaa hapa barazani.