Kuku Kumi wa Televisheni

Kwa miaka kumi na tisa Mama Sufuria aliwapikia askari kambini maharage yaleyale na kabeji ileile iliyochoka kabla ya kufika jikoni. Hakuna mwandishi wa habari aliyewahi kukanyaga pale. Maharage yana habari gani?

Waandishi wakaja walipoitwa. Siku hiyo mkuu wa kambi alileta kuku kumi kwa askari mia tatu, na vitambaa vyeupe vikatandikwa juu ya meza ambazo hata kufutwa zilikuwa hazijazoea. Meza moja ikishapigwa picha, sinia lilelile lilikimbizwa meza ya pili, kisha ya tatu. Askari walikuwa wameshaonywa: kutafuna ruksa, kumeza marufuku. Mtangazaji, bwana mmoja wa suti, aliyaona yote hayo kwa macho yake mawili na hakuuliza kitu. Alikuwa ameshapewa paja.

Kisha akamgeukia mpishi. "Mama, huwa wanakula hivi?"

Ulimi hauna mfupa. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumsifu kwa upishi wake, na leo kamera ilikuwa usoni pake. Akaweka kilemba sawa. "Kila siku, baba. Na siku nyingine kuliko hivi!"

Kamera ilipozimwa, kuku walipelekwa kwa maofisa.

Mama Sufuria alikuwa na mwana mmoja tu, naye ni askari mpakani, ambako hata hayo maharage hufika kwa kudra. Kilichomwezesha kuishi huko ni kifurushi cha kila mwezi: unga, sukari na karanga walizochanga kina mama wa mtaa. Mama Sufuria mwenyewe ndiye aliyewalilia mpaka wakakubali.

Kikao kilichofuata, mwenyekiti wao, fundi cherehani, hakuzunguka mbuyu. "Jamani, sisi tunashindia chai ya rangi, wenzetu wanatafuna mapaja. Ujinga huu basi!"

Wakapiga makofi. Haohao waliokuwa wakifuta machozi mwezi uliopita kwa ajili ya "vijana wetu"! Dakika mbili za televisheni zilitosha kuwageuza, na hakuna hata mmoja aliyeona haya.

Mama Sufuria akasimama. "Dada zangu, ule ulikuwa uongo. Kuku walikuwa kumi tu. Mwanangu kule anatafuna mkate mkavu."

"Uongo wa nani, shoga?" mwenyekiti akamuuliza. "Aliyesema kila siku si wewe?"

"Tuletee na sisi makombo basi!" akadakia mwingine, na chumba kizima kikaangua kicheko. Mama Sufuria akakaa. Aliwadharau wote, akajidharau mwenyewe zaidi.

Jumapili mwanawe alipiga simu.

"Shikamoo mama. Tumekuona kwenye televisheni! Wenzangu wananiuliza kambi hiyo iko nchi gani." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Mama, kifurushi kimeshatoka? Huku hali mbaya."

"Kimeshatoka, mwanangu," akajibu. "Kiko njiani."