Maji ya Kunywa Tuliyomwagia Mwamba

Hivi wewe umeshawahi kunusa jiwe la moto likimwagiwa maji ya baridi? Sisemi haya mafiga ya jikoni, hapana, nasema jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala. Linanuka moshi, linanuka udongo wa mvua ya kwanza, na kwa ndani kuna kaharufu kama ka yai lililooza, halafu linalia paa! Nikikumbuka nacheka peke yangu, wajukuu wanaulizana bibi kapatwa na nini. Sijapatwa na kitu. Nakumbuka tu kiangazi kile huku Ganako, Karatu, nikiwa na miaka tisa au kumi, nani alikuwa anahesabu, ila meno ya mbele yalikuwa yameshaota yote. Mvua ziliisha mapema mwaka ule. Vumbi jekundu limekaa mpaka kwenye kope, na asubuhi upepo unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro unakuuma masikio, unatamani urudi ukalale na mbuzi.

Kazi yangu ilikuwa maji. Baba alishafariki, mama ana mtoto mchanga mgongoni, kaka sina. Basi jogoo akiwika natoka na kibuyu, napanda mpaka chemchemi ya juu karibu na msitu. Kule ukikuta mavi ya nyati bado yanatoa mvuke unasimama kwanza, unasikiliza, ndiyo unachota. Nikirudi jua limeshapanda, wenzangu wako darasani, nawasikia kwa dirishani wanaimba a, e, i, o, u, na mimi nashuka nazo hizo hizo a, e, i, o, u mpaka nyumbani. Siku moja mwalimu akaja kumwambia mama anipeleke shule. Mama akamwuliza, "Mwalimu, nikikupa huyu, sisi tutakunywa chaki?" Mwalimu wa watu akaangalia kibuyu changu. Akakuna kichwa, akasema, "Haya. Siku maji ya bomba yakifika kijijini, huyu ataingia darasani siku hiyo hiyo, hata kama ni katikati ya mwaka." Weee! Mimi toka siku hiyo nikawa nalisubiri bomba kama wengine wanavyosubiri Krismasi.

Na bomba lilikuwa linakuja kweli. Enzi zile kila kitu kilikuwa kinakuja! Zahanati inakuja, trekta inakuja, ujinga unafukuzwa, umaskini unafukuzwa, tunajenga taifa. Mtu unamkuta amechoka, miguu imepasuka, suruali kiraka juu ya kiraka, lakini ukimwuliza unafanya nini anakwambia najenga taifa. Hata mimi nilikuwa nachota maji ya taifa, na mbuzi wetu watatu walikuwa mbuzi wa taifa. Unacheka? Cheka tu. Lakini hebu fikiria mtoto mdogo anaamka na baridi ile, na anajua kuna jambo kubwa linamsubiri yeye, bila yeye halikamiliki. Hiyo ni shibe, mwanangu, inazidi uji.

Basi serikali ikasema, nyie chimbeni mtaro kutoka chemchemi, sisi tutaleta mabomba kwa lori. Ila lori linazunguka vijiji vyote, likifika likakuta mtaro haujaisha linapita, mtasubiri mpaka kiangazi kingine. Mwenyekiti wa kijiji akapima kwa fimbo, kila nyumba hatua ishirini, watu wakaokota vijiti vya kura wajue nani anachimba wapi. Mama yangu akaokota kijiti, tukaenda kuangalia kipande chetu. Majani mazuri juu, udongo kidogo, halafu chini mwamba mweusi, sururu ikipiga inatoa cheche. Fundi wa maji akasema kuzunguka haiwezekani, bomba litapandishwa kilima na maji hayana miguu. Mama akapiga sururu siku sita. Mimi namshikia mtoto, namwangalia, kila akipiga moja mimi nasema moyoni, a. Akipiga nyingine, e. Jiwe likatoa unga tu kama wa ugoro.

Wenzetu wakamaliza. Wamekaa pembeni na majembe yao, wanatania. Jirani yetu mmoja, Bura, mwenye mdomo kama mkasi, akapaza sauti, "Mama Theresia, umeambiwa chimba mtaro au umeambiwa umfufue marehemu?" Theresia ndiye mimi. Watu wakacheka, mama naye akacheka, lakini nilimwona anafuta jicho kwa bega. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba sheria ni sheria, kila nyumba na kipande chake. Na lori limebakiza siku nne. Hapo ndipo alipoinuka Ako Tluway. Ako ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita mzee wa heshima. Alikuwa mfua vyuma, mgongo umepinda, maneno machache. Akauliza, "Nyie wote mliomaliza, maji yenu yatapita wapi?" Akauliza tena, "Nauliza, yataruka?" Bura akaangalia vidole vyake vya miguu.

Ako akasema mwamba haupigwi, mwamba unapikwa. Wazee wa zamani walifanya hivyo walipochimba visima vya ng'ombe. Tukaleta kuni, wanawake, watoto, hata mwenyekiti alibeba mzigo kichwani kama bibi harusi. Moto ukawaka toka asubuhi mpaka jiwe likabadilika rangi. Sasa ili lipasuke linataka maji ya baridi, mengi, kwa mara moja. Maji yapo wapi? Yako majumbani tu, kila nyumba kibuyu chake cha kunywa na kupikia usiku ule, na chemchemi kurudi ni mpaka kesho, jioni kule ni kwa nyati. Mwenyekiti akasema, "Ndugu zangu, leteni mlichonacho." Hapo sasa. Kuimba umoja ni nguvu kila mtu anaweza. Watu wakaangaliana. Halafu nikamwona mke wa Bura anakuja na chungu, anatembea pole pole kisimwagike, anapita mbele ya mume wake, anasema, "Leo utakunywa mate yako, si unayo mengi." Watu wakavunjika mbavu! Na wakaondoka mbio, kila mmoja nyumbani kwake, wakarudi na vibuyu, vyungu, mpaka chupa ya dawa. Mimi nikaleta kile nilichokibeba mwenyewe asubuhi. Nakwambia ukweli, mikono ilikataa kidogo. Tukamwaga wote pamoja. Jiwe likalia paa, mvuke ukatufunika hatuonani, na ulipoondoka kulikuwa na ufa unaingia mkono. Tulifanya hivyo siku tatu. Jioni tulikunywa maziwa ya kugawana, asiye na ng'ombe akaitwa kwa mwenye ng'ombe, tukalala na kiu, tunacheka. Kidole kimoja hakivunji chawa, sembuse mwamba.

Lori lilikuta mtaro umekamilika. Maji yakaja yanakohoa, mekundu kwanza, halafu meupe, na mwalimu hakusahau. Niliingia darasa la kwanza na magoti yamefika masikioni kwa udogo wa dawati. Nilisoma mpaka la pili tu, mama akaugua nikarudi nyumbani, lakini barua nasoma, na Biblia nasoma, pole pole kama ng'ombe anayecheua. Sitaki kukudanganya kwamba yote yalikuwa matamu. Babu yangu alihamishwa kwake kwa nguvu, nyumba ikachomwa, yeye nyimbo zile za kujenga taifa hakuziimba mpaka anakufa. Trekta ilikuja kweli, ikafa, kuku wakataga ndani. Bomba nalo lilipata kutu, mwenye spea hakuonekana.

Leo Karatu ni mji, magari ya watalii yanapishana, kila nyumba na simtanki yake na geti lake. Mjukuu wangu Paskalina anaendesha watalii mpaka kreta, msichana hodari, ananitunza. Nikimsimulia haya anasema, "Bibi, zile zilikuwa siasa. Mlidanganywa." Namwambia tulidanganywa mengi, mama, lakini jiwe lilipasuka. "Siku hizi, bibi, kila mtu anapambana na hali yake." Na kweli wanapambana, siwalaumu, hakuna aliyekuja kuwaambia wao ni sehemu ya jambo kubwa. Mvua za juzi zimekata barabara ya kwenda zahanati, mjamzito alibebwa kwa machela akajifungulia njiani. Tangazo la msaragambo, kazi ya pamoja ya kutengeneza barabara, likapita kwenye simu. Kila nyumba ikatuma hela, hata ya Paskalina ilifika. Jumamosi tukajikuta vikongwe watano na majembe, na hela zetu, na hakuna mtu wa kumlipa achimbe, maana vijana wote nao walikuwa wametuma hela.

Nilimweleza Paskalina hayo jana, anamenya viazi. Akaacha kumenya. Akaniuliza, "Wewe ulikwenda na jembe, bibi? Na hayo magoti?" Nikamwambia ningetuma nani. Akaokota kisu chake, akasema, "Jumamosi hii nina wageni. Inayofuata nakuja mwenyewe, hela situmi tena. Nakuja na madereva wenzangu, na ambaye hatakuja, nitachimba na kipande chake."