Balkoni ya Meli: Nimpeleke Mume Wangu au Mama Yangu?

Admin, jina langu lifiche, lakini hasira yangu iache vile ilivyo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, niko na duka la dawa za mifugo hapa Kitengela. Kwetu ni Mashuuru. Mume wangu ametoka magharibi ya Kenya na ni karani wa ofisi Nairobi. Tuna miaka kumi na tisa kwa ndoa. Sikuja kuwaambia ananipiga au ana mpango wa kando. Laiti huyu mtu angekuwa na mpango wa aina yoyote maishani.

Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika niliamua kulipia safari ya siku nne kwa meli ya kitalii kutoka Mombasa. Nilikuwa nawaza mama yangu. Ana miaka sabini na moja na macho yanamwisha kwa presha ya macho, na daktari alitwambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi. Mama amemaliza maisha yake akifuata maji na punda, akifukua mchanga kwenye mto mkavu. Nilipomwonyesha picha ya bahari kwa simu, aliisogeza mpaka ikagusa pua. "Yote hiyo ni maji?" akauliza. "Basi nataka nione maji yenye hayaishi, kabla giza."

Pesa niliyo nayo inatosha vyumba viwili vya ndani visivyo na dirisha, twende watatu, ama chumba kimoja chenye balkoni, twende wawili. Msichana wa wakala alisema wanaolala ndani hupanda tu juu kuona bahari. Lakini mama akiwa kwa umati huona vivuli vinapita na anaogopa kugongwa. Kwenye balkoni angekaa kwa kiti chake, bahari mbele yake, bila mtu wa kumsukuma. Mwanzoni nilidhani balkoni ni madoido ya matajiri. Nikifikiria mama naona ni bora kuliko hivyo vyumba viwili.

Nikafanya kosa la kumwambia mume wangu. Jioni hiyohiyo alichukua picha ya balkoni kwa tovuti ya wakala, akaituma kwa grupu ya wanandoa wa kanisa na kuandika, "Mungu ni mwema, mimi na malkia wangu." Watu wakampongeza kama ameijenga hiyo meli. Amekwisha kununua mashati mawili ya maua yanayofanana, langu linanibana mikono. Na kwa nyumba yetu ya kupanga tuko na balkoni, ghorofa ya pili. Miaka kumi na mmoja ameijaza mitungi ya maji na jiko bovu, hajawahi kukaa hapo hata kunywa chai. Mtu huyu alitapika kwa mashua ya Naivasha kabla haijafunguliwa kamba. Hiyo balkoni atailalia kichwa kikiwa ndani ya ndoo.

Nilipomkumbusha habari ya mama, akatoa sauti ya mzee wa ukoo. "Mama Brian, unajua mila yetu. Mimi na mama mkwe hatuwezi lala chini ya paa moja. Na meli ni paa moja."

Nikamuuliza, "Sawa. Na ulipovunjika mguu?"

Kwa sababu alipovunjika mguu, mama yangu alitoka Mashuuru akalala chumba cha watoto wiki tatu. Alimpikia uji, alimwaga beseni lake, na mila haikukohoa hata siku moja. Ilikuwa imelala usingizi mzito, imeshiba uji.

"Hiyo ilikuwa ugonjwa," akasema.

"Basi baki, mimi niende na yeyo, mama yangu, tulale kwa balkoni. Mila yako itakuwa salama kabisa."

Akaangalia simu yake. "Sasa nitaambia watu nini? Nishapost."

Hakusema atanikosa. Hakusema hata kwamba anataka kuona bahari. Jumapili iliyopita akaniletea viongozi wawili wa wanandoa, wakazila chapati zangu na kuniambia mke mwerevu hamwaibishi mumewe hadharani. Mmoja aliomba nimfungie chapati mbili aende nazo. Nilimfungia, na nilimdharau nikifunga.

Mama nilimwambia ukweli. Alisema nisivunje nyumba yangu kwa sababu ya maji. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu naogopa nikienda naye, huyu bwana ataninunia mwaka mzima na watoto wataona. Na nikimwacha mama, sitakuwa na nafasi nyingine ya kurekebisha.

Wakala anataka majina mawili kabla ya Ijumaa. Mstari wa kwanza nimejiandika. Wa pili uko wazi, na mume wangu ameweka kalamu juu ya fomu, kama mimi ndiye nisiyeona.

Jana mama alinipigia simu, tukaongea habari ya mbuzi na mvua. Halafu, kama mtu anayeuliza tu, akasema, "Hiyo meli, wakati itaondoka, hili jicho la kulia litakuwa bado liko?"

Ndugu zangu, niandikieni, nifanye nini? Ila anayetaka kuniambia nivumilie, kwanza amjibu mama.