Mchana Nilipomjibu Mkaguzi

Juma lililopita, kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu, tulibishana kama watoto wawe wanatamka ahadi ya uzalendo darasani. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimekumbuka mchana mmoja kule Mlali, nilikosoma nikiwa mtoto.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na darasa lilinuka chaki na sare zilizolowa. Aliingia mkaguzi wa shule. Tukasimama, tukaahidi kwa sauti moja kuipenda nchi na kutosema uongo. Wakati huo niliamini nchi ni mtu mzima aliyekaa mahali fulani, anatusikiliza.

"Mchana huwa mnasoma nini?" mkaguzi akauliza.

Nikanyoosha mkono. "Shikamoo. Hatusomi. Huwa tunachuma maharage ya mwalimu."

Mimi nikangoja kupigiwa makofi. Mkaguzi akacheka, akamwambia mwalimu, "Watoto wako wachangamfu kweli." Alipoondoka, dereva wake alikuwa amebeba kiroba cha maharage yale yale.

Nilijua nitachapwa. Lakini mwalimu alikuja akaketi kwenye dawati langu, akajifuta uso kwa kiganja.

"Mwanaidi mwanangu," akasema taratibu, "ile ahadi huwa tunaisema tu."

Leo najua naye alikuwa amechoka. Siku ile sikujua. Niliona aibu tu, kama niliyekosea hesabu rahisi.

Kesho yake tuliposimama tena, nilifumbua mdomo na kuufumba sawasawa na wenzangu, ila sauti sikuitoa.