Fundi wa Spika Aliyezima Sauti ya Shem

Saa mbili asubuhi, Riruta. Bernard Kivuva amechuchumaa mlangoni pa kibanda chake, akilehemu waya wa maikrofoni. Nanjala, muuza chai jirani yake, anamtilia kikombe na kukataa pesa.

"Shujaa halipi hapa," anasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara.

Kivuva anainamisha kichwa mpaka mama huyo aondoke.

"Angejua ukweli, angenimwagia hii chai," ananong'ona.

Kivuva hukodisha vipaza sauti kwa shilingi elfu moja na mia tano kwa siku: harusi, matanga, na hasa mihadhara, ile mijadala ya uwanjani ambapo Wakristo na Waislamu hubishana kuhusu vitabu vyao. Hana upande. Mhubiri akimlipa, anafunga spika. Ustadhi akimlipa, anafunga zizo hizo.

Mwezi uliopita, Februari 2005, alikodiwa na Mwinjilisti Shem, mtu wa ulimi mkali anayeukosoa Uislamu bila kupepesa macho. Uwanja ulikuwa karibu na Kenyatta Market. Ustadhi Swaleh alikuja kumjibu, kama kawaida yao. Wamebishana miaka mingi, na wakimaliza huenda kula nyama choma pamoja.

Jioni hiyo vijana wachache, wakidai Shem amemtukana Mtume, walipanda jukwaani na marungu. Ustadhi aliwazuia, wakamsukuma kando. Akarudi, akamlalia Shem ili amkinge, naye akapigwa.

Na Kivuva? Alikuwa nyuma ya mashine, anakunja waya.

"Shem alikuwa bado ameshika maiki," anasimulia. "Akaniita, 'Kivuva, nisaidie!' Jina langu likatoka kwa spika zangu mwenyewe, uwanja mzima ukasikia. Nikaogopa hao watu watanijua. Nikazima."

Kisha akapakia vyombo kwenye mkokoteni, akatokomea.

Shem alivunjika mkono na mbavu. Alipozinduka hospitalini, aliwaambia jamaa zake kwamba sauti ilikatika kwa sababu Kivuva alikimbia kuita polisi. Habari ikaenea Riruta yote. Kivuva alipokwenda kumwona, Shem alimshika mkono akalia kwa shukrani. Kivuva akaaga bila kumweleza ukweli.

"Mtu nimemwacha afe, halafu ananiambia asante. Hiyo aibu, ndugu yangu, hata kulala sijui."

Gazeti hili lilikubali kumficha jina. Amekataa katakata.

"Andika Kivuva wa spika, Riruta. Shem husoma gazeti. Mimi mdomo umenishinda, wacha asome."

Jumamosi Shem na ustadhi watasimama jukwaani tena, bega kwa bega, kuwaambia vijana kwamba hoja hujibiwa kwa hoja. Shem ameagiza spika za Kivuva. Fundi huyu anatumaini kwamba bado atatakiwa. Safari hii anataka kusimama mbele ya jukwaa, si nyuma ya mashine.

Na Shem akikataa hata kumwona?

Kivuva anafuta vumbi kwenye spika moja.

"Atume mtu achukue vyombo," anasema. "Viko sawa. Havina hata mkwaruzo."