Picha Niliyomkosesha Dada Yangu

Ujanani mwangu, pale Tanga, watu walinijua kwa jambo moja tu, nalo ni picha. Nilikuwa karani katika duka la nguo la Mhindi mmoja karibu na soko, na kwa kusikiliza wenye duka wakizungumza siku nzima nilikuwa nimeokota Kihindi cha kutosha kufuata maneno ya sinema. Wenzangu wengi walifuata kwa macho tu. Kwa hiyo Jumamosi, mara baada ya alasiri, nilikuwa mmoja wa watu wa kwanza mlangoni, na Jumapili vijana wa mtaa wetu wa Chumbageni walinikuta barazani wakiniuliza iwapo picha mpya inafaa au haifai.

Nami sikuwa na haya katika kutoa hukumu. Mbele kabisa niliweka picha za mapanga, zenye masultani, mawaziri wasaliti na wanaume wanaoruka kutoka roshani moja hadi nyingine. Nyuma yake nikaweka za kaboi, lakini si zote. Nilikuwa nikisema kwamba kaboi mtazame farasi wake: farasi akiwa safi tangu mwanzo hadi mwisho, basi yule bwana hajatoka popote. Za Kihindi za kulialia niliziweka chini. Mtu akitaka kulia, nilisema, aende matangani, huko angalau atapewa wali. Vijana walicheka, na neno hilo likazunguka mtaa mzima, nami nikajiona mtu.

Lakini msikilizaji wangu mkubwa hakuwa barazani. Alikuwa ndani, naye ni dada yangu aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili. Alipovunja ungo alitolewa chuoni akawekwa ndani kama ilivyokuwa kwa mabinti wa nyumba nyingi za kwetu, akingoja mume. Mama yetu alikwisha kufariki, kwa hiyo yeye ndiye aliyeishika nyumba. Kazi za asubuhi zikiisha alikaa uani akisuka ukili wa mikeka, na mimi nilipotoka dukani nilikaa kwenye kibao cha mbuzi mbele yake, nikamsimulia picha niliyoiona. Nilisimulia kwa mikono na miguu. Nikifika penye vita nilisimama, nikashika mwiko.

Alikuwa na maswali ambayo vijana wa barazani hawakuwahi kuuliza. Alitaka kujua chumba kilikuwa na dirisha upande gani, na yule mwanamke aliyeachwa alikuwa akifanya nini na mikono yake wakati anaachwa. Mara nyingi sikujua, kwa kuwa sikutazama, basi nikatunga. Nilianza kwa kutunga dirisha, kisha nikatunga maneno. Baadaye, picha ikinichosha, nilitunga hata mambo ambayo hayakutokea kabisa. Sikuona dhambi yoyote. Niliona nazitengeneza.

Ndipo ikaja picha moja ya Kihindi iliyojaza watu kwa wiki tatu. Ilihusu ndugu wawili wa kike waliotenganishwa na mafuriko wakiwa wadogo. Mdogo alilelewa na matajiri, mkubwa akawa muuza bangili wa kutembeza majumbani. Niliingia Jumamosi ya kwanza, na ulipofika wimbo wa tatu, pale wote walipokuwa wakilia, watazamaji pamoja na waigizaji, nilitoka. Nilikwenda kunywa kahawa nje na rafiki yangu mmoja, wala sikurudi ndani.

Siku ya pili dada aliniuliza picha ile iliishaje, na badala ya kusema sijui, nilimtungia mwisho. Nilisema kwamba siku ya arusi ya mdogo majambazi walivamia nyumba, na yule muuza bangili, aliyekuja kumvisha bibi arusi bangili, alitwaa upanga ukutani akapigana nao ngazini, mmoja baada ya mwingine, mpaka akaanguka na kufa mikononi mwa ndugu yake. Dada aliacha kusuka.

"Muuza bangili alijifunza wapi kushika upanga?" aliuliza.

Nikamjibu kwamba baba yao alikuwa askari kabla ya mafuriko. Alifikiri kidogo, akakubali, kisha akafuta macho kwa upindo wa kanga. Akasema kwamba katika zote nilizomsimulia, hiyo ndiyo aliyoipenda zaidi. Nilitoka uani nikiwa na furaha ambayo sasa nikiikumbuka naona aibu.

Siku hizo sinema yetu ilikuwa na onyesho la wanawake peke yao kila Jumatano mchana. Walikwenda kwa makundi, wamevaa mabuibui yao, na hapakuwa na mwanamume ndani ila yule wa mtambo wa kuonyeshea picha, aliyekuwa juu chumbani mwake. Shangazi yetu, mdogo wake baba, alikuwa akienda na majirani zake. Jumatatu moja alikuja nyumbani, akamkuta baba barazani ametoka kuswali, akamwomba ruhusa ya kumchukua dada Jumatano ile, kuona hiyo hiyo picha ya muuza bangili. Alisema binti amekaa ndani miaka minne na hajaona kitu, naye atatoka na watu wazima na kurudi nao.

Baba hakuwa mtu mkali. Alikuwa mfanyakazi wa forodhani, mpole, mwenye kupenda mambo yaende kwa taratibu. Aliniita. Nilikuja nikampa shikamoo shangazi, akaitikia, na baba akaniambia, "Wewe ndiye unayezijua hizi. Picha hii umeiona. Inamfaa dada yako?"

Nilijua dada yuko nyuma ya mlango, anasikia. Nilijua pia kwamba akienda ataona kuwa hakuna majambazi wala upanga wala kifo ngazini, na kwamba kuanzia hapo kila nitakachomwambia atakipima. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilimwambia baba kwamba haimfai. Nilisema mna mahali mwanamke anacheza ngoma mbele ya wanaume, na mavazi yake hayana stara.

Shangazi alinitazama kwa mshangao, lakini alikuwa hajaiona picha yenyewe, hakuwa na la kusema. Baba akasema, "Basi. Kama kijana mwenyewe ameona hivyo." Yakaishia hapo.

Alhamisi shangazi alirudi. Aliingia moja kwa moja uani, akaketi mkekani, akaanza kumsimulia dada picha nzima huku mimi nikiwa pale pale nakula chakula changu cha mchana. Hapakuwa na ngoma yoyote mbele ya wanaume. Siku ya arusi yule muuza bangili alipoushika mkono wa bibi arusi aliona kovu la utotoni, akajua huyu ni ndugu yake. Alinyamaza asije akamharibia bahati yake kwa umaskini wake. Alimvisha bangili moja moja, akapokea shukrani za wenye nyumba, akatoka kwa mlango wa uani. Hapo ndipo mdogo, aliyekuwa amekwisha kumtambua, alipoondoka katikati ya wageni akamfuata mbio mpaka nje, akamwita dada. Shangazi alilia tena kwa kusimulia tu.

Dada hakunitazama. Angeweza kuniumbua mbele ya shangazi yetu, naye hakufanya hivyo. Alimimina chai, akamsindikiza mgeni hadi ukumbini, akarudi akakaa mahali pake na kuuchukua ukili wake.

"Wewe uliiona mpaka mwisho?" aliuliza.

Nilisema hapana, nilitoka.

"Uongo wa picha ningekusamehe," alisema. "Hata huo upanga niliupenda. Lakini baba hakukuuliza habari za picha. Alikuuliza habari zangu."

Akaniambia kwamba picha bado ipo, kuna Jumatano moja imebaki, niende nikamwambie baba ukweli. Niliahidi kwamba nitakwenda. Nilikuwa na dhamira kweli. Jioni ile nilimkuta baba barazani na wazee wenzake, na nikamsikia akiwaambia kwamba vijana wa siku hizi wanasingiziwa, kwani wa kwake mwenyewe ndiye aliyemzuia dada yake asione mambo ya ovyo. Wazee wakanisifu. Nilikaa nao kidogo, nikaaga, nikaingia ndani. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema Jumapili. Jumatano ikafika na kupita, na picha ikapelekwa mji mwingine.

Laiti madhara yangekuwa ya picha moja. Shangazi alipoomba tena, safari hii kwa picha nyingine kabisa, baba alimkatalia bila hata kuniita. Alisema kijana wake anayezijua amekwisha kuona kwamba hazifai. Neno langu lilikuwa limekuwa sheria ya nyumba. Na dada hakuniomba tena nimsimulie. Nilijaribu mara mbili tatu, nikakaa kwenye kibao kile kile, naye alinisikiliza kwa adabu kama unavyomsikiliza mgeni, bila swali hata moja. Msimuliaji asiyeulizwa huishiwa. Nikaacha.

Aliolewa Kigombe, kijiji cha wavuvi, kwa mwanamume aliyefanya biashara ya samaki, mtu mwema. Sikuwa na la kumlaumu shemeji yangu, isipokuwa kwamba Kigombe hapakuwa na sinema. Siku ya kumpeleka nilipanda gari pamoja nao, tukapita kwenye mikonge isiyo na mwisho, na njia nzima nilitafuta namna ya kusema. Wanawake walikuwa wakiimba. Nilisema tena kesho.

Miaka michache baadaye baba aliugua. Nilikaa naye mchana baada ya mchana, nikimgeuza na kumpa dawa. Mara moja alinishika mkono akaniambia kwamba katika wanawe mimi sikuwahi kumdanganya. Ndiyo iliyokuwa nafasi yangu ya mwisho, na niliijua kuwa ni ya mwisho. Nilimwona amechoka, nikajiambia si haki kumtwisha mgonjwa mzigo. Huenda ilikuwa kweli, lakini ilinifaa mimi kuliko yeye. Alifariki wiki ile.

Baada ya arobaini nilikwenda Kigombe. Dada alikuwa na watoto wawili wakati huo. Alinipikia muhogo kwa nazi na samaki wa kukaanga, na nilipomaliza kula nilimwomba radhi. Nilisema yote, hata ile siku ya baba kunishika mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimwogesha mtoto.

"Mimi nilikwisha kukusamehe zamani," alisema. "Kuniomba mimi ni jambo jepesi. Palipokuwa pazito ni kwa baba, na baba hayupo."

Kisha akaniuliza habari za shangazi, kama goti lake limepata nafuu.

Mwaka uliofuata alimleta mtoto mjini kwa daktari, akafikia kwa shangazi. Mumewe hakuwa na kinyongo na sinema; kwake ilikuwa mbali tu. Jumatano shangazi alimchukua dada kwenye sinema. Mimi niliomba ruhusa dukani nikakaa ng'ambo ya barabara kwa muuza kahawa, nikingoja. Nilikuwa nimeiona picha hiyo Jumamosi, ya Kimisri, juu ya mshonaji mmoja mjane na mwanawe, na vijana wa barazani nilikuwa nimewaambia haina kitu.

Walipotoka tuliongozana kwa miguu hadi Chumbageni, shangazi akitangulia na majirani zake. Nilimwuliza dada ameionaje. Tulipofika nusu ya njia akaanza kusema, na alisema mpaka nyumbani. Alisema yule mama mshonaji hakuutazama uzi wake hata mara moja, na mtu aliyeshona maisha yake yote angeutazama. Alisema nyumba ya tajiri ilikuwa na milango mingi mno, lakini hakuna hata mmoja ulioachwa wazi, na kwamba aliyeipanga nyumba ile alikuwa na maana yake. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya picha ile ile na sikuona mlango wala uzi.

"Na kitu kimoja hukuwahi kunisimulia," alisema. "Kwako watu walikuwa wanasema tu, wanasema na kupigana. Sikujua kwamba kwenye picha watu hunyamaza. Yule mama aliponyamaza pale mlangoni, nilimwelewa kuliko alipokuwa akisema."

Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa amefurahi, na uso wake, pale alipoufunua kidogo kwenye kichochoro kisichokuwa na watu, ulikuwa wa yule binti wa uani kabla hajaanza kunisikiliza kama mgeni. Nikatambua kwamba mwenye jicho la picha katika nyumba yetu hakuwa mimi. Nilikuwa nimepewa sifa barazani miaka yote hiyo kwa kazi ambayo yeye angeifanya vizuri zaidi, kama angefunguliwa mlango.

Nilimsihi abaki mpaka Jumatano ya pili. Alisema mtoto amepona, na kule Kigombe yule mwingine ameachwa kwa wifi zake, hawezi. Asubuhi nilimpandisha gari. Baada ya hapo watoto waliongezeka, shemeji akapatwa na maradhi ya miguu, na kila alipokuja mjini ilikuwa ni kwa msiba au ugonjwa, siku mbili akarudi. Hakuingia sinema tena. Aliona picha moja maishani mwake. Angeweza kuziona kila Jumatano katika miaka yote ile aliyokaa ndani, kwani ukumbi wenyewe ulikuwa mwendo mfupi tu wa miguu kutoka mlangoni kwetu.