Kiti cha Baba Karibu na Mlango

Baba alipofariki alituachia mashine ya kusaga mahindi, jogoo wawili wagomvi na Wayahudi tisa. Kabla ya hapo walikuwa kumi. Wa kumi alikuwa yeye mwenyewe, na hapo ndipo taabu yetu ilipoanzia.

Sinagogi yetu ya Malaba ilikuwa chumba kimoja nyuma ya hiyo mashine. Ukisali kwa bidii ulitoka na unga kichwani. Baba aliipata dini hiyo kwa jamaa zake wa vilima vya Mbale, ng'ambo ya mpaka, ambako ilishikwa tangu yeye hajazaliwa, akavuka nayo kuja Kenya kama wengine walivyovuka na sukari. Majirani walituvumilia. Muuza nyanya wetu alikuwa akitusamehe kila Pasaka kwa kumuua Yesu, ila bei hakupunguza. Mimi nilikuwa msusi, na Jumamosi, siku ambayo kila mwanamke wa Malaba alitaka kusukwa aende kanisani kesho yake, kibanda changu kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya Sabato. Nilinung'unika, lakini nilifunga.

Sasa mama alitaka jambo moja tu: kumsomea baba sala ya wafu. Sala hiyo husemwa na mfiwa mwenyewe, ila lazima wawepo watu wazima kumi, na kwa wazee wetu mtu maana yake mwanamume. Muda wote wa matanga mama aliirudia kwa Kiebrania huku akisugua sufuria. Kwa kuwa baba hakuacha mtoto wa kiume, wazee walikubali aisome yeye. Kusoma aliruhusiwa, kuhesabika hapana. Ikabidi aitwe binamu ya baba kutoka kule vilimani. Angelala Ijumaa kwa shemeji yake upande wa Uganda, na asubuhi ya Sabato avuke kwa miguu.

Asubuhi ikafika, binamu hakuonekana. Mpita njia akatuambia kuna mzee amezuiwa getini. Nikatumwa mimi, maana wanaume hawakuwa wa kupunguzwa.

Nilimkuta amesimama mbele ya askari mgeni, kanzu nyeupe, mikono mitupu.

"Dada, huyu mzee ni wenu?" askari akaniuliza. "Hana kipande, hana pasi, hana hata karatasi ya kufunga sigara. Ati leo haruhusiwi kubeba kitu kwa mfuko."

"Ni kweli, boss. Leo ni Sabato. Tukitoka nyumba hatubebi kitu."

"Hata mamangu ni mtu wa Sabato, na kipande anabeba!"

"Ssebo, bwana, tiketi yangu ya kodi iko, kwetu ndiyo kipande," binamu akasema kwa upole. "Iko kwa shemeji, chini ya godoro."

Nikasema nitakimbia niilete. Binamu akainua mkono. "Hapana, mwanangu. Wewe ni mmoja wetu. Siwezi kukutuma uvunje Sabato."

Basi nikamnong'oneza habari za njia ya mtoni, ambayo nusu ya Malaba hupita na magunia mchana kweupe. Akanitazama kama niliyemkaribisha nyama ya nguruwe. Nikamwacha hapo na askari wake, nikarudi nimefura kwa hasira. Mmoja wetu! Kwenye kukatazwa nilihesabika vizuri kabisa.

Sinagogini nilimkuta mzee wetu mkuu, fundi wa cherehani, akihesabu. Kwetu watu hawahesabiwi kwa namba kama mbuzi wa mnada. Husemwa mstari wa zaburi wenye maneno kumi, kila mtu neno lake. Neno la mwisho, ambalo maana yake ni milele, lilikuwa la baba, kwa kuwa alipenda kukaa karibu na mlango awasikilize wezi wa unga. Mzee alifika neno la tisa, kidole kikabaki hewani kikielekea kiti kitupu. Akaanza upya, labda baba alikuwa amebadili nia.

Mmoja wao akakumbuka kusikia kwamba mtoto akishika maandiko huweza kutimiza hesabu. Wakamsimamisha mjukuu wa mzee, wa miaka minne, wakamtwika Biblia ya Kiganda. Akaiweka chini, akadai chapati.

Hapo nikashindwa. Nikaivuta leso iliyotutenga wanawake. "Wazee, getini nimeambiwa mimi ni mmoja wenu, nisibebe karatasi. Huyu wa chapati naye ni mmoja wenu. Mama je? Yeye ni nani hapa?"

"Binti, keti," mzee akasema. "Sheria si yangu."

Mimi niliketi. Mama ndiye aliyesimama. Akapita mbele ya wanaume wote, akaketi kwenye kiti cha baba.

"Anza tena," akamwambia mzee, kwa sauti ileile aliyozoea kumwambia baba azime mashine aje kula.

Wanaume wakaanza kuchunguza mabati ya paa. Mwishowe mmoja akakohoa. "Anza basi, mzee. Jua linapanda."

Mzee akaanza. Neno la tisa likapita, kidole kikabaki tena hewani. Nilimchukia vile sijawahi kumchukia mtu. Kisha kidole chake kikamwelekea mama, akalitamka lile neno la baba, kwa sauti ndogo.

Mama alisoma. Alikosea mahali, na hakuna aliyemsahihisha. Nililia sana, mimi niliyekuwa nikiapa kuolewa na Mkatoliki nipate Jumamosi zangu.

Tulikuwa tunajifuta machozi binamu alipoingia anahema. Nyuma yake alikuwapo kijana Mteso wa boda boda akikokota baisikeli, na tiketi ya kodi mkononi. Askari mwenyewe ndiye aliyemtuma akailete.

"Nimefika!" binamu akasema. "Sasa tumetimia, si ndiyo?"

Mzee akamkunjulia gunia kando ya ukuta.

"Karibu ukae, ndugu. Tulikuwa tumeshatimia."

Mama hakuinuka kwenye kiti.